Rundo Lina Mwenyewe

Asubuhi moja nilikuwa nimechuchumaa mbele ya rundo la vitu vilivyotupwa chini ya ukuta uliojaa michoro. Fremu ilishakaa sawa: mbavu za mwavuli usio na kitambaa, kibodi ya kompyuta iliyong'oka herufi, soli ya kiatu iliyopindwa na jua, na katikati sufuria iliyotoboka kitako, imekalia nyaya zilizosokotwa. Sufuria ilikuwa inameta mno, inavuta jicho lote kwake. Nikanyoosha mkono niisogeze kidogo kushoto. Nyuma yangu mzee akasema, "Hiyo iache hapo hapo, mwanangu. Nimeiweka mimi."

Nikasimama, nikamwamkia na kumwomba radhi. Akanionyesha. Nyaya zilizo chini ya sufuria ni za shaba, ndiyo maana zimefunikwa. Upande wa kulia ni alumini. Plastiki ngumu imeegemezwa ukutani, ile laini ilishabebwa jana yake. Mimi nilikuwa nimeona vitu vimejikusanya vyenyewe vikapendeza macho, kumbe nilikuwa mbele ya bohari la mtu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiutazama kwa jicho jingine ubishi uliopo kuhusu aina hii ya picha. Wapenzi wake ni wengi: rundo lililosongamana hadi jicho halipati pa kutua, au ukuta ambao bango limebandikwa juu ya mchoro, sprei ikapita juu ya bango, stika juu ya sprei. Upande mmoja unasema mpiga picha anaokoa kinachopotea na anatufundisha kukitazama tulichozoea kukipita. Upande wa pili unasema anairemba dhiki, anavuna jasho la mikono ya wengine, halafu anaweka jina lake chini. Pande zote mbili zina hoja nzito, lakini naona zimeng'ang'ania suala la uzuri kuliko inavyostahili. Kwangu mimi swali la kwanza ni kama picha imeviacha vitu visomeke: mtazamaji akisogea karibu, anakuta kitu kimoja kimoja chenye historia yake, au anakuta rangi na mikwaruzo tu?

Kwa upande wa kuta, hoja ya kuokoa ina nguvu sana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Martha Cooper na Henry Chalfant walizipiga picha treni za chini ya ardhi za New York zilizopakwa sprei mwanzo wa behewa hadi mwisho. Chalfant alisimama kwenye jukwaa la upande wa pili, akapiga fremu kadhaa za behewa moja zikifuatana, kisha akaziunganisha ili lionekane zima bila kupinda. Tarehe 12 Mei 1989 mamlaka ya usafiri ya jiji ikatangaza kwamba treni ya mwisho yenye michoro imeondolewa njiani. Anayetaka leo kujua herufi zile zilichorwaje hana pa kwenda zaidi ya kwenye picha. Kazi ya wachoraji wengi, wengine wakiwa vijana wadogo waliochora usiku kwa kujificha, imebaki kwa sababu kuna watu waliosimama na kamera wakangoja treni ipite.

Brassaï alikuwa ameshaifanya kazi hiyo Paris tangu miaka ya 1930. Alipiga picha nyuso na mioyo iliyochongwa kwa kisu au msumari kwenye plasta za kuta, na alitembea na daftari dogo la kuandikia ukuta ulipo, ili aweze kurudi baada ya muda na kuona wakati na mikono mingine vimeufanya nini. Daftari lile nalithamini kama ninavyozithamini picha zenyewe, maana linaonyesha kwamba alijua ukuta una tarehe. Jacques Villeglé yeye hakupiga picha bali aliubandua ukuta wenyewe: tangu mwaka 1949, akianza pamoja na Raymond Hains, alichukua mabango yaliyochanwa na wapita njia akayageuza kazi za sanaa. Mtu anaweza kumlaumu kwa kuchukua kisicho chake. Hata hivyo kazi zake nyingi alizipa jina la mtaa na tarehe aliyoyabandua mabango, na jina lake mwenyewe alipenda kulificha nyuma ya "mchanaji asiyejulikana".

Aaron Siskind alikwenda njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1940 aliusogelea ukuta uliobabuka na karatasi zilizochanika mpaka mtazamaji asijue tena anatazama nini, na picha zake zikahesabiwa jirani na kazi za wachoraji wa dhahania wa zama zake. Wanaomtetea wanasema picha ina haki ya kuwa kitu kipya, haidaiwi kuwa cheti cha kilichokuwapo. Nakubali, na baadhi ya picha zake naweza kuzitazama saa nzima. Ila njia yake inahitaji jicho kama lake. Mikononi mwa wanaoiga inakuwa rahisi mno, kwani ukuta wowote ukisogelewa vya kutosha huwa mzuri, na hapo kila ukuta hufanana na mwenzake. Aliyeandika jina lake akiwa na hofu ya kukamatwa, aliyebandika tangazo la kumtafuta ndugu yake aliyepotea, aliyechora usiku kucha, wote wanageuka kuwa "mwonekano wa ukuta wa zamani".

Kuna kesi moja inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko nadharia. Kuta za 5Pointz, jengo la Queens, New York, lililokuwa limejaa michoro ya wasanii kutoka sehemu mbalimbali za dunia, zilipakwa rangi nyeupe usiku mmoja wa Novemba 2013. Wasanii 21 walimshtaki mwenye jengo, na mwaka 2018 mahakama ikawapa dola milioni 6.75 kwa kutumia sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda haki ya msanii juu ya kazi yake. Fedha hizo hazikutolewa kwa ukuta kwa jumla. Zilitolewa kwa kazi 45, kila moja dola 150,000. Jaji aliusoma ukuta kazi kwa kazi, na sioni kwa nini mpiga picha ausome kwa uangalifu mdogo kuliko huo.

Kwenye taka mambo ni magumu zaidi, kwa sababu kitu kilichotupwa huonekana hakina wa kukidai. Irving Penn alipookota vipisi vya sigara kwenye mitaa ya New York mwaka 1972 na kuvipeleka studio, kisha akavichapa kwa platinamu, njia ya chapa ghali na ya kudumu, lilikuwapo la kulalamikia: kimeondolewa mtaani, kimevalishwa hariri. Mimi simlaumu. Kipisi kilichopigwa na Penn kinasomeka. Karatasi imekunjika mahali ilipokandamizwa na kiatu, na herufi za jina la sigara zimekatwa na moto. Amepoteza mtaa, akampata mvutaji.

Chris Jordan ni mfano wa njia mbili kwa mtu mmoja: kuzipanga taka mwenyewe, na kuziacha zilivyo. Katika kazi yake ya 2007 kuhusu chupa za plastiki alikusanya kwa kompyuta taswira ya chupa milioni mbili, idadi iliyokuwa ikitumika Marekani kila dakika tano. Chapa yake ina urefu wa karibu mita tatu. Kwa mbali ni kama bahari ya kokoto; ukisogea, chupa zinajitokeza moja moja. Hoja yote imejengwa kwenye hatua zile chache za kusogea. Kwenye kioo cha simu hatua hizo hazipo, na kazi ileile inabaki doa la rangi. Miaka miwili baadaye alikwenda kisiwa cha Midway, katikati ya Pasifiki, akapiga picha makinda ya albatrosi yaliyokufa matumbo yakiwa yamejaa vifuniko na vipande vya plastiki, na akatamka wazi kwamba hakusogeza hata kipande kimoja. Msongamano uko ndani ya mbavu za ndege mmoja. Hakuna anayetazama picha zile akasema taka zimerembwa, ingawa rangi zake ni nzuri, nyekundu na samawati juu ya manyoya ya kijivu. Nadhani hilo linatosha kuonyesha kwamba uzuri peke yake hauna hatia.

Vik Muniz, kwenye dampo kubwa la Jardim Gramacho nje ya Rio de Janeiro, aliwashirikisha waokotaji wenyewe: walipanga taka sakafuni kutengeneza sura zao, yeye akapiga picha kutoka juu, na fedha za mauzo zikarudi kwa chama chao. Wapo wanaosema msanii tajiri bado ndiye aliyepata jina kubwa zaidi. Ni kweli. Lakini wenye rundo walijulikana, na walikuwapo kazi ilipofanyika.

Sasa kuna pingamizi ambalo sijapata jibu lake kamili. Nikisema andika mahali, andika tarehe, mtaje mchoraji, naweza kuwa namchongea mtu. Mchoro usio na kibali ni kosa la jinai sehemu nyingi. Picha yenye jina na anwani ni ushahidi. Picha ya rundo inaweza kumwonyesha mwenye mamlaka pa kuja kufagia, na bohari la mzee likaondoka na gari la taka. Wanaotetea picha isiyo na jina wana haki kubwa hapa, kubwa kuliko wanavyopewa. Ninachofanya ni kutenganisha kuweka kumbukumbu na kutangaza. Daftari langu lina kila kitu. Kinachotoka hadharani ni kile ambacho mwenyewe angekubali kitoke, na pale nisipoweza kumuuliza natangaza mwaka bila mtaa. Si suluhisho safi. Wakati mwingine picha iliyotoka hivyo inadhoofika, na naikubali hasara hiyo.

Kuhusu ufundi, usomekaji una gharama zake. Rundo lina kina, kwa hiyo tundu la lenzi nalifunga hadi f/8 au f/11 ili sufuria ya mbele na kibodi ya nyuma vyote viwe vikali. Nikifunga zaidi ya hapo mwanga unaanza kutawanyika pembezoni mwa tundu na ukali unapungua tena. Siku ya mawingu ni bora kuliko jua la saa sita, maana kivuli kikali hukata kitu kimoja vipande viwili na mtazamaji hudhani ni viwili. Ukuta naukabili uso kwa uso, kamera sambamba nao. Halafu nasogea pembeni kupiga kingo za mabango, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Pale karatasi zilipobanduka kwa pamoja unaona unene. Kwenye ukuta wa siku ile nilihesabu matabaka tisa kwenye unene wa kidole: karatasi, gundi, sprei ya fedha, karatasi tena, na chini kabisa plasta iliyokwaruzwa herufi mbili kwa msumari.

Mzee alikaa kando mpaka nikamaliza. Hakutaka kupigwa picha na sikumlazimisha. Kisha akaiondoa sufuria, akazikunja nyaya kwenye gunia, akaenda zake. Nikapiga fremu nyingine kutoka palepale, bila kusogeza miguu. Mwavuli upo, kibodi ipo, soli ipo, na katikati pana shimo la duara lililoachwa vumbini. Picha hizo mbili huwa naziweka pamoja, ya kwanza saa moja na dakika kumi, ya pili saa moja na dakika hamsini.