Miti ya Kigeni Amani: Ibaki au Iondolewe?

Bustani ya mimea ya Amani, katika Usambara Mashariki wilayani Muheza, ilianzishwa na serikali ya kikoloni ya Wajerumani mwaka 1902 ili kujaribu mazao ya biashara kutoka mabara mengine: mikwinini ya Amerika Kusini, mikafuri ya Asia, mipira na viungo. Tangu mwaka 1997 imezungukwa na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa msitu huo una mimea isiyoota kwingine kokote duniani, ilhali bustani imejaa miti ya kuletwa.

Wanaotaka miti hiyo iondolewe wana hoja nzito, na ushahidi wao mkuu ni mti ambao Waganda huuita musizi, uliopandwa Amani enzi za ukoloni. Hondohondo humeza matunda yake na kudondosha mbegu mbali. Na ukataji wa mbao kwa mashine, katika miaka ya 1970 na 1980, ulipofungua msitu na kuingiza jua, musizi uliota upesi kuliko miche ya asili. Ni haki kusema, hata hivyo, kwamba msumeno ulitangulia na mti ukafuata.

Upande wa pili haupaswi kupuuzwa. Wajerumani walipofungiwa njia ya bahari katika Vita Kuu ya Kwanza, dawa ya malaria ya askari wao ilitengenezwa Amani kwa magome ya mkwinini. Nao mkafuri, ukilisugua jani lake kati ya vidole, harufu inayopanda ni ileile ambayo watu wa Tanga wanaijua tangu utotoni, ya kafuri inayotiwa maiti kabla ya kuvishwa sanda. Mti wa kigeni unaogusa ibada ya wenyeji kiasi hicho, mimi siwezi kuuita mgeni tu.

Kwa maoni yangu, kigezo kisiwe asili ya mti bali mwenendo wake: mkwinini mkongwe uliotulia pale ulipopandwa ubaki, na ulindwe kama tunavyolinda majengo ya kale, lakini musizi unaovuka mpaka wa bustani uondolewe. Ulinzi huo pia uwe na ukweli. Bustani ilifyekwa katika nchi ya Wasambaa, na mikono iliyopalilia ilikuwa ya wafanyakazi Waafrika; maelezo anayopewa mgeni yakiishia kwenye jina la kisayansi na nchi ulikotoka mti, nusu ya historia yake imefichwa. Musizi wenyewe usiangushwe kwa mkupuo, maana uwazi na jua ndivyo vilivyouzalisha. Uondolewe kidogo kidogo, na kila unapotoka uwepo mche wa asili uliokwisha kushika mizizi chini yake.