Mwani: jina la ukoo au jina la kazi?

Mkazi wa Dodoma akitajiwa mwani huwaza pwani, kina mama wa Paje, Zanzibar, wakivuna kwenye kamba maji yakikupwa. Ule utando wa kijani unaotanda juu ya lambo kiangazi kinapokaza haumjii akilini, ilhali kwa wanabaiolojia vyote viwili ni mwani. Je, jina moja kwa vyote hivyo liendelee kufundishwa darasani?

Wanaotaka jina hilo pana libaki wana hoja. Mwanafunzi anayelitazama tone la maji ya lambo kwa hadubini huona klorela ya mviringo, klamidomonasi inayoogelea kwa mijeledi miwili na diatomu yenye ganda la silika, na vyote hivyo ni viumbe vya seli moja vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kuvipa jina moja, ndani ya himaya ya Protoktista (kundi kuu la viumbe wenye kiini cha seli ambao si mimea, wanyama wala kuvu), humpa pa kuanzia.

Wapinzani wao huonyesha jinsi jina hilo linavyopotosha. Mwani wa Paje una seli nyingi. Yuglena, kiumbe cha seli moja kinachohesabiwa kuwa mwani, haina ukuta wa seli. Na kinachoitwa mwani wa bluu-kijani, chakula cha heroe wadogo katika maziwa ya magadi, ni bakteria wasio na kiini cha seli. Kosa hili la kuwaita bakteria mwani haliishii darasani, kwani baadhi ya bakteria hao hutoa maikrosistini, sumu ya ini ambayo kuchemsha maji hakuiondoi, na huenda kukazipasua seli na kuimwaga zaidi. Kinyume chake, Plasmodiamu, kimelea cha malaria ambacho hakuna anayekiita mwani, kina ndani ya seli yake mabaki ya kloroplasti, kiwanda cha kutengenezea chakula kwa mwanga, kilichotokana na mwani mwekundu (kundi lilelile la mwani wa Paje), na dawa ya doksisaiklini hukishambulia hapohapo.

Naegemea upande wa kulibakiza jina, ila lifundishwe kama tunavyosema wafugaji. Mgogo wa Bahi na Mbarbaig wa Hanang wote wana ng'ombe, wala hakuna anayedhani kwa sababu hiyo kwamba ni wa ukoo mmoja. Kadhalika mwani ni jina la kazi, yaani kula mwanga, na kazi hiyo koo nyingi ziliipata kwa kumeza kiumbe kingine kilichokwisha kuijua. Kwa sharti hilo, swali la mtihani linalotaka mwanafunzi ataje himaya moja ya mwani wote halina jibu, na afadhali lifutwe.