Kadi za Matatu: Abiria Hakuwa Mkaidi

Kila inapozuka tena hoja ya kulipa nauli bila pesa taslimu jijini Nairobi, lawama huwa ile ile: serikali ilitaka noti zitoweke kwenye matatu na nauli ilipwe kwa kadi kuanzia Julai 1, 2014, abiria na makanga wakakataa, kwa kuwa wamezoea giza.

Lawama hiyo ina ukweli wake. Mwenye gari hupokea hesabu ya siku bila kujua ni ngapi zilizokusanywa. Noti mkononi hulainisha njia kwa askari wa trafiki. Na wingu likitanda tu, nauli imepanda. Kadi ingeacha alama ya kila shilingi, na wapo waliokuwa na sababu ya kuiogopa alama hiyo.

Ila mfuate abiria wa Rongai aliyeajiriwa Kangemi. Gari la kwanza linamshusha mjini, anakatiza katikati ya watu hadi steji nyingine, anapanda la pili. Gari mbili, wenyewe tofauti, kadi tofauti. Kadi ya BebaPay, iliyoletwa na Google pamoja na benki ya Equity mwaka 2013, haikuwa peke yake sokoni, na mashine ya huyu haikuisoma kadi ya yule. Mtu ana mia mbili: azigawe vipi? Mia huku, mia kule? Jioni gari analolijua halionekani, mvua inanyesha, anarukia lolote linaloita na kulipa noti, huku mia yake imelala ndani ya plastiki mfukoni. Kwa anayelipwa kibarua cha siku, mia hiyo ni mboga ya usiku. Noti haikuwahi kumuuliza gari ni la nani.

BebaPay ilifungwa mwaka 2015. Na huyo aliyeitwa mkaidi? Alikuwa na M-Pesa simuni tangu miaka ya mwanzo ya huduma hiyo, iliyoanza 2007. Leo anailipia nauli bila kushurutishwa, ingawa mtandao husumbua na makanga hulazimika kusubiri ujumbe uingie ilhali abiria ameshafika mlangoni. Simu moja, gari lolote.

Mwenye gari ndiye ambaye bado hajapata alichokitaka: si ajabu nambari ya kulipia iliyobandikwa karibu na dereva ikawa ya makanga mwenyewe.