Takwimu za nyumbani tuanze kuzitafuta nyumbani

Nikipewa tasnifu ya uchumi niisome, huanzia mwisho, kwenye orodha ya marejeo. Pale ndipo unapojua kama mtu alitafuta kweli au aliokota. Na kwa muda mrefu sasa kuna jambo linalonikera: mwanafunzi Mtanzania anaandika juu ya uchumi wa Tanzania, lakini takwimu zake zote, kuanzia Pato la Taifa hadi mfumuko wa bei, kazichukua kwenye tovuti ya Benki ya Dunia. Sina ugomvi na Benki ya Dunia, tovuti yake ni nyepesi na ni ya bure. Ila takwimu hizo hazikuzaliwa Washington. Zilitoka kwetu, kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) na Benki Kuu, na aghalabu maelezo yake huachwa njiani.

Chukua Pato la Taifa. Ukisoma tanbihi ya Benki ya Dunia, ambayo wengi huiruka, utakuta imeandikwa kwamba takwimu hizo ni za Tanzania Bara tu. Za Zanzibar hutolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali kule Unguja. Sasa mwanafunzi anachukua pato la Bara, analigawa kwa watu 61,741,120 wa sensa ya 2022, kisha anatuambia hilo ndilo pato la kila Mtanzania. Ndani ya idadi hiyo wamo Wazanzibari 1,889,773 ambao uchumi wao hakuuhesabu. Hesabu imeharibika kabla hata uchambuzi haujaanza, na angefungua chapisho la NBS lenyewe angeliona neno "Tanzania Bara" kwenye jalada.

Mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia pato la miaka mingine, nao ni mtego mkubwa zaidi. Mwaka 2019 NBS ilihamisha kizio cha Pato la Taifa kutoka 2007 kwenda 2015. Ukiunganisha jedwali la zamani na jipya bila kujua, utaona uchumi umeruka ghafla, na utaanza kutafuta sera iliyoleta miujiza hiyo. Wakenya walipobadilisha kizio mwaka 2014, pato lao lilipanda kwa takriban asilimia 25. Hakuna shamba jipya lililolimwa usiku ule, kilichobadilika ni namna ya kuhesabu. Kwa hiyo ninachomsihi kila anayeanza utafiti ni hiki: kabla ya kunakili namba yoyote, andika pembeni yake imetoka chapisho gani, la mwezi gani, kwa kizio cha mwaka gani, na kama mwaka wenyewe ni wa kalenda au wa fedha unaoanza Julai.

Kuna hazina nyingine tunaipita kana kwamba si ya kitaaluma, eti kwa kuwa imeandikwa kwa Kiswahili. Kila mwaka Serikali hutoa kitabu cha Hali ya Uchumi wa Taifa, kina majedwali ya kilimo, madini, ajira, biashara ya nje, karibu kila sekta. Kuna hotuba za bajeti na Majadiliano ya Bunge, ambamo waziri anabanwa kuhusu fungu moja moja. Kuna ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zinazowekwa wazi kila Aprili. Anayetafiti deni la Taifa bila kusoma ukaguzi wa deni hilo, halafu akanukuu makala tano za nje zinazokisia tu, amejinyima mwenyewe.

Kwa upande wa makala za kitaaluma, kilio cha "nimekwama, wanataka dola" nakielewa, lakini mara nyingi mlango wa pili uko wazi. Wanauchumi wana desturi nzuri ya kutoa rasimu ya makala kabla jarida halijaichapa. Rasimu hizo hukusanywa na mtandao wa RePEc tangu 1997, na kwenye ukurasa wake wa IDEAS unazitafuta kwa jina la mwandishi au mada bila kulipa chochote. NBER, taasisi ya utafiti wa uchumi ya Marekani, nayo huwaruhusu wasomaji wa nchi zinazoendelea kupakua rasimu zake bure. Karibu zaidi na nyumbani kuna taasisi za utafiti wa uchumi kama AERC ya Nairobi, iliyoanzishwa 1988, na REPOA na ESRF za Dar es Salaam. Hawa wanaandika juu ya mkulima wa korosho na mikopo ya vikundi, mambo ambayo jarida la London haligusi kila siku. Nashangaa jinsi majina haya yanavyokosekana kwenye tasnifu zetu.

Kwa haki, ziko data ambazo ni rahisi kuzipata kwa Benki ya Dunia kuliko kwetu. Utafiti wa NBS unaozifuatilia kaya zilezile tangu 2008/09 uko kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia, kaya kwa kaya. Unajiandikisha, unaeleza unataka kufanya nini, unapakua. Huko nenda bila kusita.

Ila anayetafiti miaka ya 1970 na 1980, vijiji vya ujamaa, uhujumu uchumi, kushuka kwa shilingi, intaneti haitamfikisha mbali. Lazima aingie maktaba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa East Africana, wenye machapisho ya serikali ambayo hayajawahi kuwekwa mtandaoni. Mwone mkutubi, mweleze swali lako lote, si kichwa cha habari tu. Mkutubi mzuri atakuletea ripoti ambayo hukujua hata kuiuliza.

Lawama yangu nyingine haiwahusu wanafunzi. Ofisi za umma zikibadilisha sura ya tovuti, viungo vya zamani vinakufa na ripoti za miaka ya nyuma zinapotea navyo. Nimefungua marejeo ya tasnifu ya miaka michache tu iliyopita nikakuta nusu ya viungo vya serikali havifunguki. Mtafiti wa kesho atahakikije? Kila ripoti ibaki na anwani moja ya kudumu, na nakala yake ipelekwe Maktaba Kuu ya Taifa, mtaa wa Bibi Titi, siku ileile inapotoka. Mpaka hapo patakapofikiwa, ukipata ripoti pakua faili zima, ulihifadhi kwa jina na tarehe, na usitegemee kiungo peke yake.