Siku ya Kutokwenda Popote Lushoto

Sisi watu wa Dar tukipanda Lushoto, kwenye milima ya Usambara, mwezi wa saba huwa tunataka kuumaliza mji. Asubuhi jabali la Irente, mchana maporomoko ya Soni, jioni msitu wa Magamba, na kesho yake alfajiri tuko stendi, macho mekundu, simu imejaa picha. Mimi nimeshabishana na wengi juu ya jambo hili na sijabadilika: siku tamu kuliko zote Lushoto ni ile usiyokwenda popote.

Mtaji wa mji ule ni baridi. Mombo bado ni joto la bondeni, jasho linakutiririka na wauza matunda wamebanana dirishani. Gari likiiacha barabara kuu ya Arusha, linaanza kuzikata zile kona, kama kilomita 33 hivi, na mkikaribia Soni utasikia vioo vinafungwa kimoja kimoja bila mtu kuambiwa. Mji wenyewe uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliokuwa wakilikimbia joto la pwani waliupenda mpaka wakaubandika jina la kwao, Wilhelmstal. Jina lilikwenda nao, baridi ikabaki.

Na baridi hiyo ndiyo inayovipa vitu vya kawaida thamani. Chai ya rangi yenye tangawizi, ambayo Temeke unainywa huku unajipepea na gazeti, kule unaikumbatia kwa mikono miwili na hutaki iishe. Majani yake hayana haja ya kusafiri mbali, maana chai inalimwa kwenye milima hiyohiyo, upande wa Bumbuli. Blanketi ambalo nyumbani ni la kutandikia wageni tu, kule ni mali.

Lakini kwangu mimi mfalme ni ndoo ya maji ya moto. Gesti ninayofikia haina hita. Asubuhi binti anagonga: "Dada, maji haya hapa." Anaitua ndoo mlangoni, jagi la plastiki linaelea juu, mvuke unafuka, na maji yananukia moshi wa kuni. Unayapooza kwa ya bomba kidogo kidogo, unaonja kwa vidole, unaongeza tena. Jagi la kwanza linakwenda mgongoni. Hapo ndipo unapojua kwa nini watu wa milimani hawana haraka ya kutoka bafuni. Nimewahi kulala kwenye hoteli zenye bafu la vigae na bomba la kung'aa, maji yakatoka vuguvugu kwa dakika mbili kisha yakawa ya barafu. Nipeni ndoo yangu.

Baada ya hapo narudi kitandani. Ndiyo, nimesafiri tangu alfajiri ya jana ili nirudi kitandani! Nina kanga yangu ya kujifunga, maana shuka za gesti huwa na baridi yake ya pekee, nina kitabu, na nina mkate. Mkate wenyewe ni ule mzito wa kutoka shamba la Irente, linaloendeshwa na kanisa la Kilutheri, wanakouza pia jibini na jamu. Nje manyunyu yanapiga bati, yanaacha, yanarudi.

Mchana njaa inanitoa. Pale kwa mama lishe wa karibu na soko kuna benchi mbili, na moja iko jirani kabisa na jiko la kuni. Wageni hukaa ile yenye meza nzuri. Wenyeji husogea, husogea tena, mpaka watu sita wamebanana kwenye benchi ya watu wanne, magoti yanaelekea motoni, kila mmoja na sahani yake ya maharage na kabichi mapajani. Kabichi hiyo ilikuwa shambani asubuhi. Nyumbani kwangu tunaila baada ya kusafiri usiku kucha kwenye lori, ndiyo maana ladha yake kule inanishangaza kila mara.

Kwa mwanamke kuna kodi ya ziada ya kulipa. Ukikaa peke yako na kikombe chako, lazima mtu aulize, "Dada, unamsubiri nani?" Ukijibu simsubiri mtu, anatazama huku na huku kumtafuta huyo mtu. Kwetu safari lazima iwe na sababu: msiba, harusi, mgonjwa, kikao. Kusafiri ili ukae tu kunaonekana ni ugonjwa au siri. Nimeacha kujieleza. Nasema nasubiri chai ipoe, na mara nyingi ni kweli.

Sisemi Irente pasiendewe. Ukisimama kwenye lile jabali Mazinde inaonekana chini kabisa, na nyika inakwenda mpaka macho yanachoka. Nenda, tazama, rudi. Ila kama una jicho la vitu vidogo, misitu ya Usambara ina jambo linalonifurahisha kuliko hayo mandhari. Kuna ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Mnamo 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na leo linakaa kwenye vikopo madirishani mwa watu Ulaya na Marekani, likiwachangamshia jiko wakati wa theluji. Wao wamelichukua ua letu kujipatia raha ya kukaa ndani. Sisi tunapita karibu yake mbio, tukiwahi kupiga picha kwingine.

Sasa nina neno na wenye gesti, na si la Lushoto tu, ni la Njombe, Tukuyu na kila mahali penye baridi. Mnatuwekea runinga kubwa ukutani, makochi mekundu mapokezi, maua ya plastiki. Chumbani hakuna kiti. Mgeni akitaka kunywa chai anakaa kitandani, akitaka kuandika anakaa kitandani, akitaka kutazama mvua anasimama. Taa ni moja, nyeupe kama ya duka la dawa, na swichi yake iko mlangoni, mbali na kitanda. Blanketi la pili mpaka uliombe, na ukiliomba unatazamwa kana kwamba umeomba punguzo. Uzeni hiyo runinga. Nunueni kiti cha mbao chenye mgongo, kiwekeni dirishani, na chupa ya chai ikae chumbani usiku kucha. Mimi nitalala siku ya pili, na nitalipia.