Desmoidi kwenye mshono, kisu au tungoje?

Kuna dada wa Kibaigwa kaota uvimbe pale pale kwenye mshono wa oparesheni ya uzazi, wamechukua kinyama wakakipima, jibu ni desmoidi, yaani uvimbe wa nyuzinyuzi, na daktari kamwambia hatukati kwanza, tunauangalia. Basi watu huku Dodoma wamegawanyika, wengi wanasema kakwepwa tu.

Wanaotaka kisu siwalaumu kabisa. Uvimbe ni mgumu, unauma akiinama kuchota maji, na kila akiitwa ni nauli, kipimo cha picha cha MRI nacho siyo bei ya nyanya za Majengo. Mtu anaona bora litoke yaishe.

Shida haliishi hivyo. Desmoidi haisambai mwilini kama kansa ila inajipenyeza kwenye misuli bila mpaka wa kueleweka, unakata unadhani umemaliza kumbe kuna nyuzi zimebaki, inarudi. Na jeraha lenyewe ni moja ya vichocheo vyake, sasa unatibu jeraha kwa jeraha jingine! Halafu kuna inayonywea yenyewe, kwenye utafiti wa dawa ya sorafenibu uliotoka 2018 hata waliopewa vidonge visivyo na dawa, kama 20 kwa kila 100 uvimbe wao ulipungua vya kutosha kuhesabika. Ndo maana siku hizi wataalamu wanaanza na kuangalia.

Ila jamani msije mkaanza kukataa oparesheni za uzazi kwa hili, ugonjwa ni adimu, kwa mwaka hawafiki kumi kwenye watu milioni, na mara nyingi ndani ya seli kuna jeni, yaani kinasaba, imeharibika, kovu peke yake halitoshi. Kama kwenye ukoo kuna watu wa vinyama vingi kwenye utumbo mpana hapo mwambie daktari mapema.

Mimi nipo upande wa daktari, kwa sharti. Kungoja kuwe na tarehe, kuwe na vipimo vilivyoandikwa kwenye faili, sentimita ngapi leo na ngapi miezi mitatu ijayo. Kumwambia mtu "ukizidi uje" halafu basi, hiyo siyo tiba, na kwa mtu wa mbali ndo inavyokuwaga. Maumivu nayo yatibiwe wakati anangoja, asiambiwe avumilie. Ukiendelea kukua kila ukipimwa, hapo dawa au kisu vijadiliwe, na bahati yake huu wa ukuta wa tumbo kukata kwake ni afadhali kuliko ule wa ndani unaoshikana na utumbo.