Yai moja tu kwa msimu

Kila mwezi wa tatu hapa Newcastle, Uingereza, hurudi shakwe wadogo wenye ncha nyeusi za mabawa, kama wamezichovya kwenye wino. Wanatagia kwenye Daraja la Tyne na vizingiti vya madirisha ya jirani, zaidi ya kilomita kumi kutoka baharini. Wako wanaokuja kuwapiga picha, wako wanaowalaani kwa harufu (inanuka kweli), na wenye majengo wanabandika nyavu na miiba. Ila ukiokota yai, hilo ni kosa la jinai.

Nilipomsimulia ami yangu kwa simu, alicheka. "Polisi, kwa yai la ndege?" Kwetu wavuvi wakifika Fungu Kizimkazi, kile kipande cha jiwe kisicho na mti kusini ya Unguja, huokota mayai ya buabua wakapika. Nimeyala. Kiini chake chekundu, na ni matamu.

Lakini msituhukumu haraka. Hawa wanaolinda yai waliacha bahari ikombwe chakula cha kinda. Shakwe hawa hutegemea visamaki vyembamba vinavyojizika mchangani. Kwa miaka mingi meli, nyingi zikitoka Denmark, zilivivua kwa tani vikasagwe unga wa kulishia mifugo na samaki wa kufuga. Bahari nayo inapata joto. Mwaka 2017 shakwe huyu aliwekwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani, na ni 2024 tu Uingereza ilipofunga uvuvi huo upande wake wa Bahari ya Kaskazini.

Ami hana kamera, lakini anamjua ndege kuliko hawa. Akiona buabua wamekusanyika wanazamia pamoja, anajua chini jodari wanafukuza dagaa, anageuza chombo. Ndege ndiye rubani wake. Hapo ndipo ninapogombana naye: vipi unamla mtoto wa rubani wako? Nikamwambia buabua wa kule funguni, yule mweusi mgongoni, hutaga yai moja tu kwa msimu. Ukilichukua, mara nyingi msimu wake umekwisha.

Alinyamaza kidogo. "Haya, hilo nimelisikia," akasema. "Sasa zile meli za nyavu za kuzungushia zinazozoa jodari huko nje, hao ndege na sisi tutafuata nini? Waulize hao wenzako wa huko."